Wastaafu Wanaosema Mvua Ikinyesha

Tarehe 11, mwezi wa tisa

Daftari hili nimepewa leo na Mademoiselle Bénédicte, msaikolojia, katika ukumbi wa parokia ya mtaa wetu hapa Goma. Kila polisi mstaafu amepewa lake pamoja na kalamu ya bic. Amesema tuandike yaliyo moyoni. Moyoni mwangu hakuna kitu. Daktari wa kikosi aliupima kabla sijastaafu akasema uko sawa. Lakini amri ni amri, naandika.

Mimi ni Havugimana Florent, brigadier en chef, polisi wa barabarani, sasa mstaafu. Maisha yangu yote nimesimama katikati ya barabara za mji huu na filimbi mdomoni, na malori ya makaa, pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, vyote vilinitii. Siku hizi nasimama uani kwangu na hata kuku hawanitii.

Sababu ya kuandikishwa kwenye vikao hivi ni kwamba mke wangu Béata ameondoka. Nieleze ilivyotokea, bila kuongeza chumvi. Jumamosi iliyopita alirudi kutoka sokoni pamoja na wamama wa kwaya. Nilikuwa langoni. Nilinyosha mkono, nikamsimamisha, nikamuuliza kikapuni kuna nini. Alicheka. Mimi sikucheka. Nilifungua kikapu mbele ya wote, nikakuta sambaza, samaki wadogo wa ziwani, nikazizuia kwa uchunguzi. Béata akaweka kikapu chini, akanipita, na kesho yake baada ya misa akapanda gari kwenda mji mdogo wa Kiwanja kwa dada yake Eugénie, eti kumsaidia kupanda maharagwe.

Sambaza zilikuwa nzima, hazikuwa na kosa lolote. Nilizipika mwenyewe, zikaungua.

Binti yetu Munezero, anayefundisha shule ya msingi na bado anakaa nasi, ndiye aliyeniandikisha hapa. Alisema, "Papa, apa ni mu nyumba. Haiko ku barrière." Nilimjibu kwamba bila kizuizi mtu hajui nani anaingia. Akasema, "Lakini tunajua nani ametoka."

Tarehe 12, mwezi wa tisa

Manyunyu asubuhi. R.A.S.

(Mademoiselle, kama utasoma: R.A.S. ndivyo tunavyoandika kazini. Maana yake hakuna la kuripoti.)

Tarehe 18, mwezi wa tisa

Kikao cha Alhamisi. Mademoiselle Bénédicte alikuwa amepanga viti kwa duara. Alisema kwenye duara hakuna mkubwa wala mdogo. Tulilitazama duara lile kwa masikitiko.

Kisha akaingia Commandant Habiyaremye, mkuu wetu wa zamani, mzee mrefu na fimbo yake. Alichagua kiti kinachotazama mlango, na papo hapo duara likapata kichwa. Mimi nilikaa kuliani kwake kufuatana na cheo changu, wengine wakafuata kila mtu na cheo chake, vizuri kabisa, mpaka tukafika kwa Edmond aliyestaafu bila cheo hata kimoja. Duara lilikuwa limemzungusha likamrudisha kushoto kwa Commandant, bega kwa bega. Maskini Edmond alianza kutoka jasho. Mwishowe alibeba kiti chake akakiweka nje ya duara, karibu na ndoo ya kunawia, akapumua.

"Nani anataka kuanza?" Mademoiselle aliuliza. "Mutu yeyote tu. Apa hakuna makosa."

Yeye ni kijana, hakuwahi kuvaa sare, hajui kwamba kwetu mdogo hasemi mkubwa akiwa hajasema. Sote tulimgeukia Commandant.

"R.A.S.," akasema Commandant.

"R.A.S.," nikasema mimi. Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine, na kutoka kwenye ndoo tukamsikia Edmond: "Na kwangu pia, R.A.S."

Kikao kiliisha kabla chai haijapoa.

Tarehe 21, mwezi wa tisa

Jumapili. Nimepika fufu ya muhogo. Munezero ameila bila kusema neno, kisha akaenda kwa jirani kula.

Tarehe 25, mwezi wa tisa

Mademoiselle Bénédicte ana kichwa kigumu, angefaa kuwa polisi. Leo alitaka tuanzie chini, Edmond awe wa kwanza. Edmond alisimama na kofia mkononi.

"Mademoiselle," akasema, "nimekukosea nini?"

Basi akaacha. Akagawa karatasi na kalamu za rangi, tuchore kitu kinachotusumbua, maana kuchora hakuhitaji mdomo. Tulingoja. Commandant alichora nyumba yenye bendera. Mademoiselle alipokusanya karatasi alikuta nyumba nane zenye bendera, na ya Edmond isiyo na bendera. Alimuuliza kwa upole kwa nini nyumba yake ni tofauti na za wenzake. Edmond alisema hana cheo cha kupandisha bendera.

Mademoiselle alitoka nje kidogo. Nadhani alicheka, maana aliporudi macho yalikuwa yamelowa.

Tarehe 29, mwezi wa tisa

Kuku wawili wametoka nje bila ruhusa. Mmoja amerudi.

Tarehe 2, mwezi wa kumi

Leo ilinyesha mvua ya kweli, na nina mengi ya kuandika.

Ukumbi wa parokia umeezekwa mabati bila dari, na mvua ikipiga pale hata padri huacha kuhubiri akangoja ipite. Ilitukuta tunakunywa chai. Mademoiselle Bénédicte alikuwa anauliza jambo. Tuliona midomo yake inacheza lakini hatukusikia kitu. Akainua mabega, akakaa.

Tulikaa vile vile, tunatazama maji yanavyoshuka mlangoni. Mara nikaona mdomo wa Commandant unatikisika. Nilidhani anatafuna mkate. Kumbe anasema! Alikuwa ametazama sakafu, amekamata fimbo kwa mikono miwili, anasema mfululizo, na hakuna aliyesikia hata neno moja.

Tulitazamana sote. Mkubwa alikuwa amekwisha kuanza. Kwa utaratibu wetu, njia ilikuwa wazi.

Nami nikafungua mdomo. Kwanza nilisema Baba Yetu, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine tayari. Baadaye nikajikuta ninapiga kelele habari za viatu. Kila asubuhi navaa viatu vya kazi, nafunga kamba, ndipo nakumbuka kwamba hakuna mahali ninapongojewa. Nakaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Na Béata alikuwa ananiletea chai pale pale kitandani, bila kuniuliza chochote, na mimi nilikuwa namkaripia kwamba chai ina majani. Nilisema hayo mpaka koo likaniuma. Sikujua kama yalikuwemo ndani yangu. Daktari wa kikosi naye hakuyaona.

Nilipotupa macho upande wa pili, kila mtu alikuwa anasema. Edmond alikuwa amepanda juu ya kiti na kunyosha kidole angani kama mgombea wa uchaguzi. Mademoiselle Bénédicte alitugeuzia macho mmoja mmoja, mdomo wazi, sahani ya mkate mkononi, na hakumzuia mtu.

Mvua ilikatika ghafla, na sisi sote tukafunga midomo pamoja. Commandant akafuta uso kwa leso, akasema mabati yanavuja. Pale alipokaa yeye hayavuji.

"Basi," Mademoiselle akasema polepole, "tumeishia wapi?"

"R.A.S.," akasema Commandant.

Tarehe 3, mwezi wa kumi

Nimelala mpaka jua limetoka. Munezero aliingia kuangalia kama bado napumua.

Tarehe 9, mwezi wa kumi

Jua kali. Kikao: R.A.S. Mademoiselle alitazama mabati zaidi ya alivyotutazama sisi.

Tarehe 12, mwezi wa kumi

Tangu Béata aende, maji nachota mwenyewe. Leo nilipofika borne-fontaine, bomba la maji la mtaa, nilikuta wamama wamejazana na bidons, madumu yao, bila mpango wowote. Nilipanga mstari: wazee mbele, wenye bidons ndogo kulia, wenye kubwa kushoto, katikati njia ya kupita. Kazi safi sana. Walinitii wote, wakanishukuru, na nilipotaka kuchota mimi waliniambia nimekuja wa mwisho, niende nyuma ya mstari. Nilikwenda. Sheria ni sheria, na ilikuwa ya kwangu.

Nikiwa kule nyuma niliona jinsi bidon inavyokata vidole. Béata hakuwahi kuniambia, au aliniambia nami nilikuwa napuliza filimbi.

Tarehe 16, mwezi wa kumi

Mvua kubwa, kikao kizuri. Mwenzetu mmoja anayekaa Munigi alipiga simu mapema kuuliza kama mjini kuna wingu. Alipoambiwa lipo, alichukua pikipiki akaja mbio. Sasa wote hutazama mbingu upande wa mlima Nyiragongo kabla ya kuvaa.

Lakini kuna jambo limenipata, na sijui kama nafurahi. Mtu anayefanya kazi barabarani hujifunza kusoma midomo. Madereva hupandisha vioo kwanza ndipo hutukana. Nimetukanwa kimyakimya na nusu ya mji huu, kwa lugha zote, na nimeelewa kila neno. Leo, mvua ikiwa inapiga, niligeuza macho kwa Commandant bila kukusudia, nikasoma.

Alikuwa anasema na mke wake. Mama Rosette alifariki mwaka juzi. Tulimzika sote, na Commandant alisimama wima mpaka mwisho bila kutikisika, tukasema: huyo ndiye mwanaume. Leo midomo yake ilisema: "Rosette, mimi nilikuwa najua tu kutoa amri. Ulikuwa unanipenda, nami nilikuwa nakupangia kazi. Sikukuambia hata siku moja." Akarudia, akarudia tena.

Niliangalia sakafu mpaka mvua ikaisha. Nilimhurumia. Sitamwambia mtu. Hata Edmond.

Tarehe 19, mwezi wa kumi

Munezero alimpigia mama yake simu, kisha akanipa bila kuniuliza.

"Béata," nikasema.

"Sema."

Nilikuwa na maneno tayari. Niliyapanga vizuri kabisa tangu asubuhi.

"Mvua iko namna gani kule?" nikauliza.

"Iko inanyesha," akasema Béata. Tukanyamaza mpaka unités za simu ya Munezero zikaisha. Munezero amenipita mara nyingi leo bila kunitazama.

Tarehe 30, mwezi wa kumi

Mvua. Kikao kirefu. Commandant amesema mpaka sauti imemkauka. Mademoiselle Bénédicte naye amesema kitu peke yake, amegeukia ukuta. Yeye sikumsoma.

Tarehe 13, mwezi wa kumi na moja

Baada ya kikao Mademoiselle alitangaza kwamba kikao cha mwisho kitakuwa cha familia. Wake waje, wasikie, na wao pia waseme. Kitakuwa tarehe kumi na nane ya mwezi wa kumi na mbili.

"Mvua itakuwa bado iko?" Edmond aliuliza haraka.

Mademoiselle alisema hiyo si kazi yake.

Tarehe 16, mwezi wa kumi na moja

Béata ametuma jibu la mwaliko, na Munezero amenisomea kwenye simu. Baadaye nilimwomba asome tena, labda amekosea. Hakukosea.

Béata atakuja siku ya familia. Anataka niseme kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Hataki nimtume Munezero, hataki simu. Nikisema, tutaongea. Nikinyamaza, atarudi Kiwanja siku ile ile na atatuma gari lije kuchukua vitu vyake, orodha ameshaiandika. Eugénie amekwisha kumsafishia chumba.

"Mama hatishi bure, Papa," Munezero akasema. "Ile kabati ya vyombo njo ya kwanza ameandika."

Ni kabati tulilonunua tulipofunga ndoa. Nimeogopa. Naandika vile vile ilivyo: nimeogopa kuliko siku lori la mbao lilipokosa breki mbele yangu.

Tarehe 20, mwezi wa kumi na moja

Mvua. Nimejizoeza kwa sauti kubwa chini ya mabati maneno nitakayomwambia Béata. Yalitoka vizuri sana. Tatizo ni kwamba mimi mwenyewe sikuyasikia.

Tarehe 27, mwezi wa kumi na moja

Mvua nyepesi. Ilibidi kunong'ona.

Tarehe 4, mwezi wa kumi na mbili

Haikunyesha. Tulikaa tukitazama juu. R.A.S. ya Commandant leo ilikuwa ndogo, karibu haikutoka.

Nilijaribu kuongea naye nje. Nilisema, "Mon commandant, siku ya familia, kama mbingu itakuwa kavu, sisi tutafanya namna gani?"

Alitazama mlima. "Tutanyamaza kwa heshima," akasema.

Yeye hana wa kumngoja. Mimi ninaye, na hiyo heshima itanifukuzia mke.

Tarehe 11, mwezi wa kumi na mbili

Edmond ameleta groupe.

Ni groupe, mashine ya umeme, ya shemeji yake mwenye salon ya kunyoa, na kelele yake inajulikana mtaa mzima. Aliisukuma mpaka ukumbini juu ya chukudu. Alieleza mpango wake kwa sauti ya chini, mlangoni: mvua ni kelele tu, na kelele inaweza kununuliwa kwa lita. Siku ya familia tuwashe groupe, kila mtu aseme yake, wake waone tunasema, basi. Niliona ni mpango wa akili nyingi. Hata sasa naona hivyo, isipokuwa Béata anataka kusikia, siyo kuona.

Leo tukaijaribu. Mademoiselle Bénédicte alidhani imeletwa kwa ajili ya taa. Edmond akavuta kamba, ikanguruma, madirisha yakatetemeka. Commandant alifikiri kidogo, kisha midomo yake ikaanza, na sisi sote tukamfuata. Moshi ulijaa. Tulikohoa na kusema, tukasema na kukohoa, macho yanatiririka. Hapo sikuweza kujua nani analia na nani anavuta moshi. Edmond alikuwa amepanda kiti chake kama kawaida.

Halafu petroli ikaisha.

Hatukupata onyo. Groupe ilikata mara moja, na katika ukimya ule sauti ya Edmond ikabaki peke yake, kubwa, inajaza ukumbi wote:

"...na ndiyo sababu usiku namwomba mama wa batoto anikamate mukono, juu naogopa!"

Alibaki juu ya kiti na kidole hewani. Alitutazama. Tulitazama viatu. Ningeweza kusema neno. Nilikuwa karibu naye. Nilimngoja Commandant.

"R.A.S.," akasema Commandant.

"R.A.S.," tukasema.

Edmond alishuka, akafunga groupe yake kwenye chukudu, akaisukuma peke yake mpaka barabarani. Sikumsaidia kusukuma. Najisikia vibaya.

Tarehe 12, mwezi wa kumi na mbili

Nimekwenda kwa Edmond. Mke wake alitoka mlangoni akasema amelala. Niliona miguu yake chini ya pazia, imesimama.

Nilisema na pazia. Nilisema, "Edmond, na mimi pia."

Miguu ilisogea kidogo. "Na weye pia nini, chef?"

"Naogopa pia."

"Ya kweli?"

"Ya kweli."

Alitoka, tukanywa chai. Mke wake aliniambia kwamba anamkamata mkono na hakuna shida yoyote, ila anakoroma. Nyumba ile ina vyumba viwili tu na mtu hupumua vizuri ndani yake. Nilirudi kwa miguu. Njiani nilitambua kwamba nimesema jambo, na kulikuwa na jua.

Tarehe 17, mwezi wa kumi na mbili

Wingu hakuna. Vumbi jeusi limerudi barabarani. Nimepiga pasi shati.

Tarehe 18, mwezi wa kumi na mbili

Naandika yote, hata kama bic itaisha.

Mbingu ilikuwa safi tangu asubuhi, hata Nyiragongo ilionekana mpaka juu, bila wingu. Nimeuchukia uzuri ule.

Wake walikaa kwenye mabenchi kando ya ukuta. Béata alifika wa mwisho, moja kwa moja kutoka gari la Kiwanja, kitenge chake kina udongo chini. Amekonda, jua limemchoma, na alikuwa mzuri mpaka nikasahau nilipaswa kukaa wapi. Alimsalimu kila mtu kwa mkono. Mimi alinisalimu kwa kichwa. Munezero alikaa pembeni yake na kunifanyia macho makubwa.

Nyuma yao, Mungu wangu, walikaa wamama watatu wa kwaya. Béata aliwaalika yeye mwenyewe.

Mademoiselle Bénédicte alisema maneno machache ya kukaribisha, kisha akauliza kama kawaida nani anataka kuanza. Tulimgeukia Commandant. Commandant aliinua macho kwenye mabati. Yalikuwa yanalialia kidogo kwa joto la jua, basi. Aliyatazama muda mrefu, na mimi nilimtazama yeye, na nilijua ana nini mdomoni na kwamba hakitatoka.

"R.A.S.," akasema.

Zamu yangu. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, limezoea njia. Niliona Béata anachukua mfuko wake na kuuweka magotini, tayari kusimama.

Nilisimama mimi kwanza. Nikapiga visigino.

"Mon commandant," nikasema, "naomba ruhusa ya kusema jambo ambalo wewe hujasema."

Edmond, pale karibu na ndoo, alifunga macho.

"Ruhusa imekataliwa," akasema Commandant.

Sijawahi kukataa amri. Wala katika mvua, wala kwenye risasi, wala siku waliponiambia nisimamishe barabara yote na mimi nina malaria. Nilianza kurudi kitini. Lakini nikaona midomo ile ya siku ya mvua, inarudia jina la mtu asiyesikia tena, na Béata wangu yuko pale, masikio mawili mazima, ameshika mfuko.

"Basi nitasema bila ruhusa," nikasema, nikamgeuzia mgongo mkubwa wangu.

Nilisema, "Béata, nilikuaibisha kwenye lango letu mbele ya wamama hawa. Hukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba nilistaafu na nikaogopa kuwa si kitu, basi nikakufanya weye barabara yangu. Naomba unisamehe. Na nyumba bila weye, sijui kuikaa. Nakupenda. Nilipaswa kusema zamani."

Hakuna mvua, hakuna groupe. Kila neno lilisikika mpaka kwenye kona. Mama mmoja wa kwaya alisema "Yesu" polepole.

Béata alinitazama, na mimi nilibaki nimesimama wima, kwa kuwa hiyo tu ndiyo naijua.

Ndipo Commandant akapiga fimbo chini. "Mama Munezero," akasema, sauti inatetemeka, "mutu amekuomba. Mujibu. Ni amri."

"Commandant," Béata akasema kwa heshima yote, "miye siko polisi wako."

Wamama walicheka, Munezero akacheka, Mademoiselle Bénédicte akaficha uso. Na Commandant, ambaye hatukuwahi kumwona akicheka, midomo ilianza kumtikisika. Tulidhani ni kicheko. Haikuwa kicheko. Alilia pale pale, juani, mbele yetu sote, na hakusema habari ya mabati. Edmond alisimama kutoka kwenye ndoo yake, akavuka duara lote, akamkamata mkono. Hakuomba ruhusa.

Béata aliweka mfuko chini.

"Papa Munezero," akasema, "maharagwe yangu hayajang'olewa. Jumamosi ninarudia Kiwanja."

Nikakumbuka kabati la vyombo. Nikasema, "Nimesikia."

"Haujasikia. Iyo mikono yako, iko inajua tu kusimamisha batu?"

"Inaweza kujifunza."

"Eugénie ni mukali."

"Mimi nitakaa kimya."

"Hapana," Béata akasema. "Kimya hapana. Utaongea."

Tarehe 22, mwezi wa kumi na mbili

Kiwanja. Shemeji Eugénie amenipa mstari wa mwisho wa shamba, karibu na mbuzi, na kofia ya majani. Mgongo unaniuma. Nimeng'oa mimea mitatu iliyokuwa bado mibichi nikagombezwa mbele ya majirani wote, na majirani wamefurahi sana.

Béata alikuwa mstari unaofuata. Aliniuliza Goma nilikuwa nakula nini. Nikaanza na zile sambaza zilizoungua, na alicheka mpaka akakaa chini juu ya maharagwe.